Taa ya Oili Kwenye Mlima wa Lushoto: Mafunzo Niliyopata

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33. Safari inaanzia kwenye joto la bondeni, inapita Soni penye maporomoko, na unapofika stendi ya Lushoto umepanda karibu mita 1,000. Upande mmoja wa barabara ni mwamba, wa pili ni korongo, na kona hazikupi nafasi ya kuweka gia kubwa. Gari linalopanda hapa linafanya kazi ambayo gari la Tanga mjini halijui: gia ya pili kwa muda mrefu, resi juu, mwendo mdogo, upepo haba kwenye rejeta, oili ikizidi kuwa ya moto na nyepesi. Likifika juu linaachwa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huku abiria wakishusha mizigo.

Nimeendesha Toyota Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele, kwenye njia hii na zile zinazoendelea kwenda Mlalo, Lukozi na Mtae. Nimebeba watu, nimebeba karoti na kabichi za kupelekwa Mombo. Katika miaka hiyo taa nyekundu ya oili imeniwakia kwa sababu zisizofanana hata kidogo, na nimeona wenzangu wakifungua injini nzima kwa kosa la waya. Fundi mmoja mzee wa Mombo ndiye aliyenifungua macho. Nilimfikia nikiwa tayari na orodha ya spea, akaniambia, "Mwanangu, usinunue kitu kwanza. Niambie iliwaka wapi." Tangu hapo swali langu la kwanza halikuwa tena nini kimeharibika. Ni taa iliwaka lini: kwenye kona, kwenye mlima ukikanyaga mafuta, ukiwa umesimama, au muda wote?

1. Simamisha gari, kisha zima injini, kwa mpangilio huo

Watu wengi wanaichukulia taa ile ya umbo la birika kama ombi la kuongezewa oili mkifika. Sivyo. Katika magari mengi ya Kijapani swichi yake huiwasha presha ikiwa imeshuka mpaka PSI chache tu. Tairi la gari dogo tu tunalijaza PSI 30 na zaidi. Kwa hiyo inapowaka wakati gari linatembea, na kama haidanganyi, oili karibu haifiki kwenye beringi kabisa. Injini yenye mzigo mlimani haina muda mrefu katika hali hiyo. Abiria watasema, "Dereva, twende tu, Soni si hapo juu?" Nawajibu kwa heshima kwamba tukienda, tutatembea kwa miguu kutoka hapo juu.

Lakini kuzima injini kuna utaratibu wake kwenye mlima, na hili nalisisitiza kwa sababu linaweza kuua. Ukiwa unateremka kuelekea Mombo, usizungushe ufunguo gari likiwa bado linabingirika. Injini ikizimika, breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha zinakuwa ngumu, na usukani nao unakuwa mzito. Ukichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa kwenye kona. Achia mafuta, tafuta pa kuegesha ndani ya sekunde chache, vuta breki ya mkono, weka mawe upande wa chini wa matairi, ndipo uzime. Injini ina thamani, lakini haifikii watu uliowabeba. Weka pembetatu, au majani kama ilivyo desturi, mbali kabla ya kona ili Fuso inayoshuka na mboga ipate nafasi ya kupunguza mwendo. Ukiondoka, ondoa mawe yako.

2. Taa inayopepesa kwenye kona inakupeleka kwenye kijiti

Chini ya injini kuna sampo, na ndani ya sampo kuna chujio ambalo pampu inavutia oili. Oili ikiwa pungufu, kwenye barabara tambarare chujio bado linazama. Ukiingia kona kali, oili inakimbilia upande wa pili, chujio linavuta hewa, taa inapepesa, kisha inazimika barabara ikinyooka. Mlima mkali unafanya hivyohivyo kwa kuirundika oili nyuma ya sampo. Ndiyo maana gari linaloishi Korogwe linaweza kutembea na upungufu kwa wiki nyingi bila dalili, kisha likawasha taa kwenye kona ya kwanza baada ya Mombo.

Kijiti cha kupimia oili kinasema kweli mahali tambarare tu, na huku kwetu mahali hapo ni pa kutafutwa. Gari likiwa limeegeshwa kwenye mwinuko, kijiti kinaweza kuonyesha imejaa wakati haijajaa. Subiri dakika chache baada ya kuzima ili oili ishuke, chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha chomoa tena usome.

Usisome kiwango tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kwa gasketi ya hedi iliyopasuka, na oili hiyo haiwezi kubeba beringi. Oili inayonuka petroli imechanganyika na mafuta yanayopita kwenye pete za pistoni au nozeli zinazovuja. Inakuwa nyepesi na presha inashuka hata kama kijiti kiko sawa. Dalili ya pili ya tatizo hilo ni kiwango kupanda bila mtu kuongeza kitu. Ukiona oili imeongezeka yenyewe, hiyo si bahati.

Na ikiwa imepungua, kuongeza ni nusu ya kazi. Iliyopungua imekwenda mahali. Tazama kifuniko cha valvu, tazama sili za krenki, tazama moshi wa bluu gari linapowashwa asubuhi.

3. Ongea na swichi kabla ya kuihukumu injini

Swichi ya presha ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mwili wa injini, na kwenye magari kama Noah yangu kina waya mmoja tu. Presha isipokuwepo, swichi inaunganisha waya huo na bodi ya gari na taa inawaka. Presha ikija inaukata. Kwa hiyo ukifungua swichi ya gari kabla ya kuwasha injini, taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua, waya umekatika, swichi imekufa, au mtu ameing'oa balbu ili auze gari. Gari la namna hiyo ni hatari kuliko lenye taa inayowaka, maana siku presha itakapoondoka hakuna atakayekuambia. Kila ninapomsindikiza mtu kununua gari lililotumika, hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitazama, kabla ya rangi na matairi.

Taa ikikataa kuzimika, chomoa waya kwenye swichi injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikizimika, waya ni mzima. Swali linabaki kati ya swichi na presha yenyewe. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi, na hapo hujagusa injini hata kidogo. Kwenye Noah waya hupita karibu na sehemu zenye moto mwingi, na ganda lake hukauka na kupasuka. Msimu wa masika, matope na maji huingia kwenye soketi. Oili ikionekana ndani ya soketi, swichi inavuja na inabadilishwa, hakuna mjadala.

Taa yangu ilipoanza kuwaka stendi ya Lushoto gari likiwa sailensa, na kuzimika nikigusa mafuta kidogo, wengi walikuwa na jibu tayari: beringi zimekwisha. Ilikuwa swichi iliyochoka. Ila sikulijua hilo kwa kubahatisha, kwa sababu beringi zilizokwisha hutoa dalili hiyohiyo. Kilichotenganisha mambo hayo mawili ni geji.

4. Namba ya geji ndiyo inayoamua, na lazima ichukuliwe injini ikiwa ya moto

Geji ya kupima presha ya oili inafungwa mahali pa swichi. Kwa injini ya 3S, kitabu cha Toyota kinataka angalau PSI 4 injini ikiwa sailensa, na kati ya PSI 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, oili ikiwa imefikia joto lake la kazi. Watu hushangaa kusikia kwamba PSI 4 inatosha sailensa. Inatosha, kwa sababu injini haina mzigo.

Kupima asubuhi Lushoto, injini ikiwa baridi, ni kujidanganya. Oili baridi ni nzito na geji itapanda vizuri hata kwenye injini iliyochoka. Fundi wa Mombo alinifundisha kupanda mpaka Soni na mzigo, kuegesha, na kupima papo hapo kabla ya chochote kupoa. Nilipofanya hivyo na lile tatizo la stendi, namba zilikuwa ndani ya kitabu sailensa na kwenye resi. Swichi mpya ilimaliza kesi.

Hapa inafaa kueleza presha ni nini hasa, kwa kuwa wengi wanadhani pampu ndiyo inayoinua krenki isigusane na beringi. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi ya ekseli ya treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili apitishie oili. Mashine ilipozunguka, oili ilitoka kwenye tundu badala ya kuingia. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaweka cha mbao, nacho kikatoka. Alipofunga geji ilionyesha zaidi ya PSI 200, ilhali mzigo wote ukigawanywa kwa eneo la beringi ulikuwa kama PSI 100. Na hapakuwa na pampu yoyote. Ekseli ilikuwa ikiichota oili kutoka chini kwa kuzunguka kwake. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu: chuma kinachozunguka huvuta oili kwenye mwanya mwembamba, na oili inayobanwa humo hujenga presha inayobeba mzigo.

Nilipoelewa hilo, geji ilianza kuzungumza lugha nyingine. Kazi ya pampu ni kuilisha ile nafasi isikauke. Namba tunayoisoma ni ugumu wa oili kutoka kupitia mianya ya beringi. Mianya ikipanuka, oili inatoka kirahisi na namba inashuka. Oili ikiwa nyepesi, namba inashuka pia. Pampu ikikosa cha kuvuta, namba inashuka, lakini kwa mtindo wake, na huo ndio niliokutana nao kwenye njia ya Mtae.

5. Presha inayoshuka ukipandisha resi inatazamwa chini ya gari

Hili ndilo tatizo lililonichukulia muda kuliko yote. Barabara ya kwenda Mtae ina sehemu za mawe, na Noah iko chini. Katika safari moja ya mizigo nilisikia pigo chini ya miguu yangu. Hakukuwa na uvujaji, gari likaendelea na kazi. Siku zilizofuata taa ikaanza tabia ngeni: stendi iko kimya kabisa, kwenye kona iko kimya, lakini nikiwa juu ya Soni na gia ya pili, nimekanyaga mafuta, inapepesa. Nikiachia mguu, inazimika.

Hii ni kinyume cha beringi zilizochakaa. Beringi zilizochakaa huonekana sailensa, wakati pampu inazunguka polepole na haiwezi kujaza mianya mikubwa; ukipiga resi pampu inashinda na taa inazimika. Kinachoshindwa kwenye resi ni uvutaji. Pampu inataka oili nyingi kuliko njia inavyoweza kupitisha. Geji ilithibitisha: sailensa ilikaa vizuri, ikapanda kadiri resi ilivyopanda, halafu katikati mshale ukaanza kutetemeka na kurudi chini.

Kulikuwa na ushahidi mwingine kwenye kijiti. Servisi iliyofuata pigo lile tuliweka oili ileile ya kawaida, kama lita nne pamoja na filta, na kijiti kikaonyesha imepita alama ya juu. Oili haikuwa imeongezeka. Sampo ndiyo ilikuwa imepungua nafasi. Jiwe lilikuwa limeibonyeza kwenda juu, karibu kugusa chujio, na kubaki na upenyo mdogo wa kupitisha oili. Sailensa upenyo ule ulitosha. Kwenye mlima haukutosha.

Tuliishusha sampo, tukaigonga kwa ndani mpaka ikarudi umbo lake, tukaosha chujio. Ndani ya chujio tulikuta pia vipande vya silikoni, vilivyokatika kutoka kwenye kazi ya zamani ya mtu aliyefunga sampo kwa kupaka silikoni nyingi. Inayojitokeza nje ya mshono unaiona na kuifuta. Inayojitokeza kwa ndani inakatika, inaelea, na inaishia kwenye chujio. Siku hizi nikisimamia kazi hii nasema mapema: mstari mwembamba usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, na nyuso zote mbili zikauke oili kabisa kabla ya kupaka.

6. Oili nzito huzima taa bila kuponya injini

Ukimwambia mtu yeyote gereji kwamba taa yako inawaka sailensa, jibu la kwanza ni "weka namba 50." Na taa itazimika kweli. Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya namba 50 inakaribia kuwa na uzito mara mbili ya namba 30, kwa hiyo inatoka polepole kwenye mianya na geji inapanda. Lakini mianya imebaki palepale. Kilichopatikana ni namba.

Huku milimani ushauri huo una gharama ya ziada. Juni na Julai, asubuhi ya Magamba au Shume, oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazokula chuma. Namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayokuambia oili itakavyotiririka kwenye baridi; ndogo ni nyepesi zaidi. Mimi natumia ile inayotajwa na kitabu, na gari lenye kilomita nyingi linaloshinda kwenye joto la Mombo naweza kulipandisha hatua moja ndani ya zile zilizoruhusiwa, si zaidi. Kwa injini iliyochoka ambayo mwenyewe hana pesa za kuifungua leo, oili nzito kidogo inaweza kumpa muda, na sioni aibu kumwambia hivyo. Ninachokataa ni kumwambia kwamba imepona.

Nunua kopo lenye lakiri nzima na alama ya ubora ya TBS, kutoka duka ambalo utaweza kurudi kulalamika. Oili iliyopimwa kwenye chupa za maji kando ya barabara hakuna anayejua ilipotoka.

7. Beringi zikiwa zimekwisha kweli, filta itakuambia

Namba ikiwa chini injini ikiwa ya moto, oili ni sahihi, kiwango ni sawa, chujio ni safi, sasa unaruhusiwa kuogopa. Kabla ya kushusha injini, fungua filta ya zamani. Ikate ganda, toa karatasi yake, ikamue na uitandaze juani. Vumbi la kung'aa, au vipande vyembamba kama maganda visivyoshikwa na sumaku, ni chuma laini cha beringi. Ukisikia na mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaofuata resi, beringi za konrodi zimekufa, na kila kilomita unayoongeza inakula krenki.

Kwenye 3S kuna jambo la kutazama kabla ya kufika huko: pampu ya oili inazungushwa na mkanda wa taiming. Sili na ringi ya mpira ya pampu hukakamaa kwa umri. Kila mkanda unapobadilishwa, badilisha na hizo. Mkanda tayari umetolewa, kazi ya ziada ni ndogo, na uvujaji wa hapo ndio uliomaliza oili ya mwenzangu mmoja bila tone kuonekana chini, kwa kuwa ilikuwa inarushwa na mkanda.

Krenki ikiwa imekwaruzwa, usikubali beringi mpya juu yake. Ipelekwe ikapimwe na kuchongwa, na beringi ziwe za saizi inayolingana na uchongaji huo. Mashine za kazi hiyo utazipata Tanga, Moshi au Arusha. Injini ya mtumba nayo ni njia. Ukiichagua, fungua sampo yake kabla ya kulipa.

8. Acha geji ikiwa imefungwa mpaka upande mlima

Baada ya kufungua sampo au pampu, jaza filta mpya oili kadiri inavyoshika, zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka mshale wa geji upande, ndipo uiwashe. Usipige resi. Isikilize, tazama mishono.

Halafu panda. Gari lililopona gereji Mombo bado halijapona mpaka libebe mzigo hadi Lushoto. Baada ya ile kazi ya sampo tuliiacha geji mahali pake, mrija wake umefungwa mbali na egzosi, na kijana wa gereji akakaa kiti cha pembeni akisoma mshale kwa sauti kila nilipobadilisha gia. Juu ya Soni, pale pale ulipokuwa ukitetemeka, ulisimama imara. Tulipofika juu tukapima tena sailensa, injini ikiwa ya moto kuliko wakati wowote, kisha ikapoa na swichi ikarudishwa. Swichi hii haihitaji nguvu nyingi. Ikikazwa kupita kiasi shingo yake inapasuka na oili inaanza kupenya kwenye soketi. Ikague tena baada ya safari ya kwenda na kurudi, kwa kitambaa kikavu, ukipitisha kuzunguka shingo yake.